Mteja Namba Tisa

Malalamiko yalianza Jumatatu, na kufikia Jumatano simu ya Fundi ilikuwa moto mkononi.

"Mchoro mmoja dakika ishirini!" alifoka mchoraji mmoja. "Nimeufungua, nimekwenda kuoga, nimerudi, nimeukuta bado unazunguka. Mnatuchezea?"

Kampuni ile ilichora mifumo ya maji: mabomba, matangi, vituo vya pampu. Watu kumi na wanne, karibu wote wachoraji, walifanyia kazi nyumbani, wengine jioni tu, na kila mmoja aliingia kwenye seva ya ofisi kwa VPN, njia ya faragha iliyopita ndani ya intaneti na kufunguka kwa ufunguo wa mtu mwenyewe. Kwenye seva hawakuwa na majina, walikuwa wateja: mteja namba moja, mteja namba mbili, hadi kumi na nne. Fundi ndiye aliyeitunza seva hiyo, katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya ghala la karatasi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mwepesi wa mikono, mzito wa maneno.

Mkurugenzi, mama mrefu asiyependa kuzungushwa, alimfuata humo humo.

"Wabane wote," alisema. "Kila mtu apunguziwe spidi, yaishe."

"Nikiwabana wote, bosi, nitawabana na wasio na kosa. Naweza kumwekea kila mteja kipimo chake peke yake. Anayekula kupita kiasi, nampunguzia yeye tu."

"Basi mtafute huyo mlafi."

Haikumchukua hata robo saa. Alifungua rekodi za wiki nzima, na jibu likamkodolea macho. Kila siku, kuanzia saa nane mchana hadi kama saa kumi, mteja mmoja alivuta mafaili bila simile, karibu njia yote, wenzake wakibaki wanagombania mabaki. Na hakuvuta michoro ya kazi yake tu. Alivuta ya kila mtu, folda kwa folda, kama mtu anayehama nyumba.

Mteja namba tisa.

Fundi hakuhitaji orodha kujua namba tisa ni nani. Ufunguo ule aliutengeneza kwa mkono wake mwenyewe, akampelekea nyumbani mwenye nao. Namba tisa alikuwa mjomba wake.

Kazini walimwita Mzee Penseli, kwa sababu mpaka leo alichora kwanza kwa penseli kabla ya kugusa kompyuta. Miaka thelathini alikuwa amekaa katika kampuni ile. Mguu ulipoanza kumsumbua, wakamruhusu afanyie kazi nyumbani. Yeye ndiye aliyemwambia Mkurugenzi, miaka sita nyuma, kwamba ana mpwa wake anayejua mitambo, na hataki upendeleo wowote ila asikilizwe tu. Fundi akasikilizwa, akapata kazi.

Alifunga ukurasa ule kama mtu aliyefuma jambo la aibu.

Lakini shaka ikishaingia hairudi mlangoni kwa hiari yake. Mwezi uliopita kampuni ilikuwa imeshindwa zabuni kubwa, na iliyoshinda ilikuwa ofisi changa, haina hata mwaka. Mkurugenzi alipoiona michoro ya wale washindi, alirudi amekunja uso: ilifanana na yao mno. Hata kale kamshale kenye mkia uliopinda, ka kuonyesha maji yanakoelekea, kalikuwemo. Mtu mmoja tu duniani alichora mshale hivyo: mjomba. Wakati ule Fundi alicheka. Sasa hakucheka.

Akaanza kukumbuka mambo. Mjomba alikuwa amepaka nyumba rangi. Mjomba siku hizi hapigi simu sana. Juzi Fundi mwenyewe alipompigia, mjomba alikata maneno haraka, akasema ana mgeni. Mgeni gani?

Mchana huo Naibu alimpitia. Naibu alikuwa msaidizi wa Mkurugenzi, mtu wa tabasamu jepesi na viatu vinavyong'aa, ambaye kila siku saa saba na nusu aliondoka kwenda kumchukua mwanawe shuleni na kurudi saa kumi na kitu.

"Nasikia unatafuta mtu," alisema, akiegemea fremu ya mlango.

"Natafuta tatizo."

"Hawa wa nyumbani, dada yangu, nani anawaona? Hasa wazee. Mtu anakaribia kustaafu, anaona bora aondoke na chochote." Alishusha sauti. "Ila nikushauri, usimbane bado. Mwache avute, tukusanye ushahidi. Ukimbana atashtuka."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alipobaki peke yake maneno yale yakaendelea kumwasha. Wazee, alisema. Kwa hiyo hata Naibu anamshuku. Basi si yeye peke yake.

Akapiga moyo konde. Kila mteja alimwachia spidi ya megabiti ishirini kwa sekunde, isipokuwa namba tisa, ambaye alimwekea moja. Kwa faili kubwa za michoro, hiyo ni sawa na kujaza tangi kwa kijiko. Kisha akakaa kusubiri mjomba apige simu.

Alhamisi kukawa shwari. Wachoraji wakaacha kulalamika, na mmoja hata akamtumia ujumbe wa shukrani. Mkurugenzi akauliza, "Ni nani?" na Fundi akajibu, "Bado nachunguza, bosi," bila kumtazama usoni. Saa nane mchana namba tisa akaingia, akavuta, akabanwa, akaendelea kuvuta kidogo kidogo kwa ukaidi.

Simu ya mjomba haikuja.

Ijumaa pia haikuja. Hapo ndipo shaka ilipomzidi kabisa. Mtu asiye na hatia, alijiambia, angepiga kelele. Mjomba alikuwa mtu wa kulalamikia hata penseli isiyochongeka vizuri, na leo spidi yake imekatwa hadi sehemu moja ya ishirini, amenyamaza! Anayenyamaza anajua kwa nini amebanwa.

Usingizi wake ukawa wa mang'amung'amu. Mama yake alipompigia Jumapili na kumuuliza habari za mjomba, Fundi alijibu "hajambo" kwa sauti ambayo mama aliishtukia.

"Mmegombana na kaka yangu?"

"Hapana, mama."

"Basi kamwone. Mguu umemzidia."

Jumatatu saa nane na nusu alikuwa mlangoni kwa mjomba, na mfuko wa machungwa mkononi kama kisingizio. Alikuwa ameichagua saa hiyo makusudi. Alitaka kumkuta kazini, kiwiko mezani, faili za watu zikimiminika mbele yake. Hakujua angesema nini baada ya hapo.

Mke wa mjomba alimfungulia, kidole mdomoni. "Taratibu, mwanangu. Amelala. Si unajua, akishakula lazima ajinyooshe mpaka saa kumi. Hata mvua ya mawe haimwamshi."

Mjomba alikuwa kwenye kochi la sebuleni, mguu juu ya stuli, miwani kifuani, akikoroma kwa raha zake. Pembeni ya dirisha palikuwa na meza yake ya kazi. Penseli zilipangwa kwa urefu. Laptopu ilikuwa imefungwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma, waya wake umezungushwa na kuwekwa kando.

Fundi aliisogelea, akaingiza kiganja chini ya kitambaa. Ilikuwa baridi kama sahani kabatini.

Akatoa simu yake, akafungua ukurasa wa seva. Mteja namba tisa yumo ndani. Anavuta. Megabiti yake moja ameishika yote.

Akaitazama simu, akamtazama mjomba, akairudia simu. Akakaa kwenye kiti cha mchoraji.

"Nani?" Mjomba alikuwa amefumbua jicho moja. "Aa, mpwa wangu! Kulikoni mchana huu? Umefukuzwa?"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona uso umesawijika?"

"Mjomba, laptopu yako imewahi kutoka humu ndani?"

Mzee alijikokota akakaa. "Itoke iende wapi? Labda ile mara moja, nilipokuwa nimelazwa. Naibu alikuja kunijulia hali, akasema ofisi inataka kuzikagua mashine zote. Akaja kuichukua hapa kwa mke wangu, akairudisha baada ya siku mbili. Kijana mwungwana. Hata wiki jana alipita hapa, akaniuliza kama bado nalala mchana. Nikamwambia nisipolala nitakufa."

Hakuna aliyewahi kuagiza mashine zikaguliwe. Angeagiza nani, kama si Fundi mwenyewe? Ufunguo ulikuwa ndani ya laptopu, na kuunakili ni kazi ya dakika moja. Seva haikukubali watu wawili kwa ufunguo mmoja wakati mmoja, lakini ofisi nzima ilijua Mzee Penseli yuko usingizini saa ngapi.

"Na siku hizi mtandao kwako ukoje?" aliuliza.

"Mbovu, tangu Jumatano. Asubuhi nangoja mchoro mpaka nasahau nilitaka kuchora nini."

"Mbona hukunipigia?"

Mjomba alikuna kidevu. "Watu wangesema nini? Mzee ana mpwa wake kwenye mitambo, akibanwa kidogo anakimbilia huko. Nilisema nitavumilia, usije ukaonekana unanibeba."

Fundi aliinamisha kichwa, akajifanya anapanga machungwa.

Jumanne, saa nane kasoro, alimwomba Mkurugenzi akae naye katika chumba kile kisicho na dirisha, akamweleza yote. Mkurugenzi alivuta kiti, akaketi. Wakampigia mjomba, wakamwomba asiwashe mashine kabisa. Saa nane na dakika sita namba tisa akaingia. Fundi akakishusha kipimo chake, kutoka megabiti moja hadi karibu na hakuna. Wateja wengine kumi na watatu hawakuguswa.

Dakika kumi zikapita. Simu ikalia. Fundi akaiweka mezani, akabonyeza sauti isikike wazi.

"Dada yangu," ilisema sauti ya Naibu, kwa uchangamfu wa kujilazimisha, "nipo nyumbani na mtoto, nilitaka kumalizia ripoti moja. Huu mtandao wenu vipi tena? Unatambaa kama konokono mgonjwa."

"Pole, Naibu. Wenzako wote wako vizuri. Wewe umeingia kwa ufunguo gani?"

"Wangu, sasa wa nani?"

"Wako ni namba tatu. Namba tatu haijaingia tangu jana jioni."

Upande wa pili mtoto aliuliza kitu, hakujibiwa.

"Labda… labda nimekosea mahali," alisema Naibu. "Nitakupigia."

"Usimpigie yeye," alisema Mkurugenzi, akiinama juu ya simu. "Njoo ofisini, uje na mashine yako."

Hakuja. Ilikuja barua ya kuacha kazi, kwa mkono wa dereva wa kukodi, na mwezi uliofuata wakasikia ana ofisi yenye kiyoyozi kwa wale walioshinda zabuni. Mkurugenzi alikabidhi rekodi zote kwa wakili. Fundi ndiye aliyeziandaa, na katika kuziandaa aliona jambo lililomnyima raha kuliko yote. Anwani za mtandao alizoingilia namba tisa mchana ndizo alizoingilia namba tatu jioni za siku zile zile. Zilikuwa zimeandikwa wazi, ukurasa mmoja chini ya ule alioufunga kwa aibu. Hakuziangalia kwa sababu alikuwa ameshampata mtu wake.

Alimpelekea mjomba ufunguo mpya Jumamosi ya wiki ile ile, asubuhi. Angeweza kuuweka na kuondoka, lakini alikaa, akamwambia yote: kipimo cha megabiti moja, mshale wenye mkia, rangi ya nyumba, machungwa.

Mjomba alisikiliza akichonga penseli. Aliichonga mpaka ikabaki nusu.

"Rangi ni wazo la mke wangu, alitaka kijani," alisema mwishowe. "Kwa hiyo siku ile hukuja kuniona mguu."

"Hapana, mjomba. Nisamehe."

"Ungeniuliza, mama. Mimi ungeniuliza tu." Alipukuta unga wa penseli kwenye kiganja, akautazama. "Nimekusamehe. Lakini usiniharakishe."

Hakumharakisha. Kila Jumamosi alikwenda, wakaongea habari za mguu na za mama yake, na mazungumzo yakaanza kurefuka kidogo kidogo. Ila mjomba alianza tabia mpya. Kila siku baada ya chakula, kabla hajajinyoosha, humpigia simu Fundi kazini.

"Nimezima mashine, naenda kulala," husema. "Andika."

Fundi hucheka, naye mjomba hucheka upande wa pili. Mpaka leo hajaweza kujua kama mzee anamtania au anamkumbusha.