Kiboko Analia Upande Gani

"Lia tena."

"Nimeshalia mpaka koo limekauka, kaka. Tak, tak, tak. Mbele, kushoto. Unataka nilie na machozi?"

"Sasa mbona nimefungua mbele kushoto yote, na hakuna tak wala tuk?"

"Mimi dereva. Kutafuta ni kazi yako, fundi ni wewe."

"Cheche, usinipandishie."

"Sipandishi. Umeuliza, nimejibu."

Kaka mtu akaitupa spana kwenye sinia la oili chafu, oili ikamrukia mpaka kidevuni. Hakujifuta. Tangu asubuhi alikuwa amelala kifudifudi juu ya Kiboko, kichwa ndani, miguu nje, na vidole viwili vya mkono wa kushoto kavifunga kitambaa kwa sababu mnyororo ulimbana.

Kiboko ndilo jina walilolipa lile gari la kituo cha afya, maana lilikuwa la nchi kavu na la majini. Bodi yake kama beseni kubwa la plastiki, matairi matatu huku, matatu huku. Halina usukani wa maana: ukitaka kukata kushoto unazibana breki za kushoto, matairi ya kulia yanasukuma peke yake, gari linageuka. Chini ya sakafu kuna minyororo inayotoa nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka kwa kila tairi. Likifika majini linaelea, na matairi yanapiga maji kama miguu ya bata. Kituo kizima kilikuwa nalo hilo moja tu, na kesho asubuhi lilitakiwa kumvusha mkunga na dawa zake ng'ambo ya kinamasi. Likizimika katikati, hakuna wa kumfuata.

Sasa, kaka alikuwa na utaratibu wake. Alisema mashine ni mtoto mchanga, inaumwa na haiwezi kusema, kwa hiyo mama yake ndiye anayesema. Mama ni dereva. Ukileta gari karakana yake hugusi boneti kwanza, unasimama mlangoni unalia kama linavyolia. Watu wazima na heshima zao walisimama pale wakifanya nyii, nyii, kama paka kabanwa mkia. Meneja mwenyewe, mama wa watu na mkoba wake begani, aliwahi kulia kwarara-kwarara mbele ya vibarua wote. Kaka hakucheka. Alifumba macho, akasikiliza, akaenda moja kwa moja palipouma.

Na Cheche alimdanganya kwa mdomo huohuo.

Kiboko hakuwa analia tak. Alikuwa analia krrr, halafu mmm, nyuma, kulia, na ni pale tu anapokata kushoto akiwa na mzigo. Cheche alijua mpaka siku mlio ulipoanza. Jumapili alimtoa bila ruhusa awaonyeshe washikaji wake kwamba gari linaelea. Wakapiga kelele, akanogewa, akakanyaga mafuta, akapita juu ya wavu wa nailoni. Wavu ukajisokota kwenye ekseli. Alikata kwa kisu ule aliouona. Ule ambao hakuuona uliingia ndani ukaitafuna sili, ule mpira wa kuzuia maji, na maji yakafika kwenye beringi.

Angenyamaza, lakini safari iliyofuata mkunga aliusikia mlio, akamwambia meneja. Upande hakuujua. Mkunga anajua kilio cha watoto, cha beringi hakijui. Kwa hiyo Cheche alipoulizwa, alisema mbele kushoto. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kaka atahangaika kidogo, atachoka, ataenda kula, na yeye atachomoa tairi la nyuma haraka haraka amalize mambo yake.

Kaka hakwenda kula. Shemeji, mke wa kaka, alileta chakula, kikapoa juu ya pipa.

Juu ya stendi Kiboko alikuwa kimya kabisa, maana matairi yalikuwa hewani, hayana mzigo. Wakamshusha. Kaka akapanda nyuma, akaweka ncha ya nondo sakafuni na ncha nyingine sikioni, akasema, "Haya, zungusha uwanja." Cheche akazungusha. Kulia, kulia, kulia tena. Alizunguka ule uwanja kama ng'ombe wa kinu cha mafuta, kushoto hakugusa. Kaka hata hakumuuliza. Alifumba tu macho, na nondo yake sikioni, akisubiri.

Cheche akawa anageuka kumchungulia. Angeulizwa, angejibu, mdomo anao. Lakini mtu aliyefumba macho unamjibu nini?

Walipomrudisha Kiboko ndani, kaka alikaa juu ya tairi la akiba akaviangalia vidole vyake.

"Nadhani basi," alisema.

"Basi nini?"

"Masikio. Wewe mlio unausikia, mkunga anausikia, mimi siusikii. Nitamwambia meneja atafute fundi mwingine. Siwezi kumpeleka mkunga wa watu kinamasini kwa kubahatisha."

"Acha hizo, kaka. Masikio yako mazima."

"Mazima yangesikia." Akacheka kidogo, kicheko kibovu. "Usiogope, kazi yako ipo. Nilikuombea mimi, na wewe unaendesha vizuri."

Ni kweli alimwombea. Cheche alipoacha shule, hakuna aliyetaka kumpa hata fagio. Kaka alisimama mbele ya meneja akasema, "Huyu mdogo wangu. Akikosea, nimekosea mimi."

Kaka akainuka kwenda ofisini.

"Krrr," alisema Cheche.

Kaka akasimama.

"Krrr... mmm." Sauti ilimtoka nyembamba. "Nyuma kulia. Ukikata kushoto."

 Kaka alirudi, akapiga jeki, akafungua tairi la nyuma kulia. Haikumchukua muda. Alipoondoa kifuniko, nailoni ya kijani ilichungulia kama nyasi kwenye meno ya mbuzi. Akaivuta. Ikaja, na maji ya kutu yakaja nayo. Aliizungusha ekseli kwa mkono: krrr. Akaizungusha tena, taratibu, kama anayehakikisha. Halafu akamtazama mdogo wake, na Cheche akaona afadhali angepigwa.

"Kaka, mimi..."

"Mmeupata ule mlio?" Meneja alikuwa mlangoni, mkoba begani. Macho yake yakaangukia ile nailoni. "Huo si wavu? Kiboko amefuata nini kwenye nyavu? Njia ya mkunga haina nyavu."

Kaka aliikunja ile nailoni kiganjani.

"Nauliza, nani alimtoa?"

Cheche akafungua mdomo. Mdomo ule ungeweza kukulilia pikipiki, jenereta, trekta la kusikika maili tatu. Haukutoa kitu.

"Mimi," alisema kaka.

"Wewe? Wewe hata kuogelea hujui."

"Nilimtoa kumjaribu. Nikakosea."

Meneja alimwangalia yeye, akamwangalia Cheche, akarudi kwake. Si mtu mjinga yule mama. "Kijana, ni kweli?"

Cheche aliangalia sakafu. Akatikisa kichwa, kidogo sana, lakini akakitikisa kukubali.

"Sawa," meneja alisema polepole. "Basi kuanzia kesho funguo za karakana nitampa mwingine. Wewe utakuwa chini yake. Sheria niliyoiweka, kwamba gari halitoki bila ruhusa, siwezi kuivunja kwa ajili ya mtu ninayempenda." Akaondoka.

"Kaka, nitamfuata, nitamwambia. Sasa hivi naenda."

"Beringi mpya ipo kabatini, sili ipo pembeni yake," alisema kaka. Sauti haikuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Piga grisi mpaka itoke safi. Ukimaliza, mpeleke uwanjani ukate kushoto. Usikilize mwenyewe."

"Kaka."

Kaka alifungua bunda la funguo kiunoni, akaliweka juu ya pipa, karibu na sahani ya chakula kilichopoa. Akachukua shati lake msumarini, akageuka, akaenda zake.