Hita ya Zainabu na Mawese ya Ijumaa

Vifaranga walifika Rumonge wamelowa, na Zainabu alipofungua boksi la kwanza moyo ulimruka. Mvua ilikuwa imelikuta gari pale Muhuta, turubai likapeperuka, na sasa viumbe vya jana tu vinalia kama vimechapwa. Lakini jamani, walikuwa wake! Kuku wake wa kwanza maishani, baada ya miaka ya kuzunguka na karai la dagaa kichwani. "Karibuni nyumbani, wanangu," aliwaambia, akicheka peke yake.

Banda lilikuwa tayari. Maranda yametandazwa, maji yamewekwa, na katikati, kwenye mnyororo, inaning'inia hita ya gesi. Mtaa mzima ulikuwa umemcheka kwa hiyo hita. Huku watu wanalala nje kwa joto, yeye anawanunulia kuku moto? Aliyecheka kuliko wote ni mama mkwe wake, Bi Mariyamu, mjane wa fundi wa injini za boti, mwanamke ambaye hata salamu huitoa kwa kufoka. "Kuku wana manyoya," alikuwa akisema. Kifaranga aliyelowa manyoya yake yanamsaidia nini? Nenda ukamwambie hivyo Bi Mariyamu uone!

Zainabu akafungua gesi, akabonyeza kitufe, akawasha kiberiti. Fuu! Kigae cha ndani ya hita kikashika moto, kikawa chekundu pyu. Akapiga vigelegele, akaachia kitufe. Pap, moto ukazimika.

"Alaa!"

Akasubiri gesi itawanyike, akarudia. Ukawaka vizuri, akaachia, pap. Akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, halikuvimba popote, kwa hiyo hauvuji. Akaitikisa chupa ya gesi, nzito, imejaa. Akajaribu tena, pap. Nyuma yake vifaranga walishaanza kurundikana kwenye kona moja, wanapandana, na Zainabu alijua maana yake. Wa chini watakufa kwanza, kisha wote.

Akampigia Jean Bosco, aliyemuuzia ile hita Bujumbura.

"Kitufe unakikamata muda mrefu?" Jean Bosco akauliza.

"Mpaka kidole kimekufa ganzi!"

"Basi angalia kijiti cha shaba pale pembeni ya kigae. Ndiyo inasikia joto. Ikikosa joto inadhani moto umekufa, inafunga gesi. Imepinda?"

"Haijapinda. Iko ndani ya moto kabisa."

"Basi iko na uchafu. Safisha, mama, haraka."

Uchafu gani? Hita mpya, tangu ifike imekaa chumbani mwa Bi Mariyamu, imefunikwa kitenge! Zainabu akafunga gesi, akangoja chuma kipoe huku miguu haitulii, kisha akasogeza pua. Harufu ilikuwa ya jikoni. Kijiti kilikuwa cheusi, kimegandwa na utando wa masizi, na pale moto usipofika, mafuta mekundu yalikuwa yanang'aa. Mawese!

Damu ikampanda. Bi Mariyamu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama, nani amepaka mawese hita yangu?"

"Mimi."

"Ulitaka nishindwe! Tangu mwanzo ulitaka!"

Alingoja afokewe. Bi Mariyamu hakufoka.

"Upepo wa ziwa unakula chuma, mutoto wangu," alisema. "Injini ya marehemu niliipaka kila Ijumaa, haikupata kutu hata kidogo. Nikaona na hii yako niipake, mpaka kule ndani. Isije ikakuharibikia."

Kila Ijumaa mlango wa chumba kile ulifungwa, naye Zainabu alidhani mama mkwe amelala. Kumbe yule yule aliyemcheka mbele ya mtaa alikuwa ndani na kitambaa, anaitunza hita yake. Aibu ikamshika, furaha ikamshika, machozi yakamtoka bila ruhusa.

"Nisamehe, Mama. Wakamate hao wasife!"

Bi Mariyamu alikuwa ameshakaa chini kwenye maranda, anawazoa vifaranga na kuwafunika kwa kitenge chake. "Njooni hapa, wajinga wadogo," aliwakaripia. Zainabu akafuta mafuta yote kwa kitambaa kikavu, akakisugua kijiti kwa msasa laini, taratibu, mpaka shaba ikarudisha rangi yake.

Kitufe. Kiberiti. Fuu! Alikikamata kile kitufe, akihesabu moja mpaka thelathini, kisha akaachia.

Moto ukabaki.

"Umekaa!" akapiga kelele. "Mama, umekaa! Angalia!" Na aliyepiga vigelegele safari hii, mpaka majirani wakachungulia, ni Bi Mariyamu. Vifaranga wakatoka kwenye kitenge mmoja mmoja, wakasambaa chini ya joto, wakaanza kudonoa chakula. Zainabu alicheza pale pale katikati yao, akiinua miguu kwa tahadhari.

Walipotulia, Bi Mariyamu aliitazama hita. "Basi Ijumaa sina tena cha kupaka," alisema taratibu.

Zainabu akakimbia jikoni, akarudi na kopo la mawese na kitambaa, akamwekea miguuni. "Hita hapana, Mama. Lakini kuna bawaba za mlango, kuna komeo, kuna kufuli. Yote ni chuma."

Bi Mariyamu akainuka, akaufungua mlango na kuufunga, akasikiliza.

"Hii bawaba inakufa na wewe unacheza!" akafoka. "Unataka ningoje mpaka Ijumaa?" Akachovya kitambaa.