Umeshiriki Mara Ngapi?

Mimi hasira zangu hazina subira, na watu wa chuo chetu wanalijua hilo. Ijumaa ile asubuhi nilifika kwenye ubao wa matangazo nikakuta karatasi yenye muhuri, kichwa chake "Wanafunzi Wasioshiriki", na jina la kwanza kabisa ni Recheli Lugembe. Chini wameandika kwamba wenye majina hayo watoke hosteli kabla ya saa kumi jioni, nafasi zao wanapewa walioko kwenye orodha ya akiba. Nilisoma mara mbili, damu inanichemka.

Nafundisha anatomia kwenye chuo kidogo cha afya hapa Tabora. Jina la chuo silitaji, wenyewe wanajijua. Recheli ni binti wa mwaka wa kwanza kutoka Tura, mtoto wa wakulima Wamoraviani. Muhula una wiki nne tangu uanze, na siku zote hizo anakaa mstari wa mbele. Mifupa ya mkono aliijua kabla sijaifundisha. Nikiuliza swali, kidole chake ndicho kinachotangulia. Kama huyu hashiriki, basi na mimi sifundishi, tunauza sura tu pale.

Na fomu iliyomponza ilikuwa ya kumsaidia yeye na wenzake. Mwaka jana tulipoteza watoto kumi na mmoja kabla muhula haujafika katikati. Wametoka Goweko huko, Igunga huko, Kiingereza cha vitabuni kimewalemea, kusema wanaona aibu, mwisho wanakunja godoro wanaenda zao. Mimi ndiye niliyesimama kikaoni nikasema wiki ya tatu tuwaulize, tujue nani amekwama, tukae naye. Sisi ni wajukuu wa wapagazi, nikawaambia. Mtu akielemewa na mzigo njiani anatuliwa, hafukuzwi. Wakanipigia makofi. Halafu mtaaluma wetu, Mwalimu Adriano, akalichukua wazo la kusaidia watu akaligeuza chekeche.

Nikaenda hosteli moja kwa moja. Recheli alikuwa amekaa kwenye kitanda kitupu, godoro limeshafungwa kamba, vyombo vyake vimo ndani ya ndoo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hebu niambie, kwenye ile fomu uliandika nini?"

"Niliandika ukweli."

"Ukweli gani?"

"Kwamba tangu nifike sijashiriki hata mara moja."

Nikaona huyu ananitania. "Hujashiriki wewe? Na Jumatatu aliyekuja mbele kutuonyesha mifupa ya kiganja alikuwa nani?"

Akanitazama, na yeye akaanza kushangaa. "Kumbe walikuwa wanauliza kushiriki darasani?"

"Sasa wewe ulidhani wapi?"

"Meza ya Bwana, Mwalimu."

Mimi Mkatoliki, kwetu mtu anakomunika, yamekwisha. Lakini nimezaliwa hapa hapa Tabora, nimekua na Wamoraviani ukuta kwa ukuta, na najua wao wakisema fulani ameshiriki wanamaanisha amepokea mkate na kikombe cha Bwana kanisani. Najua pia kwamba ukihamia kanisa jingine unasubiri barua ya kukutambulisha ndipo ushiriki. Na fomu zenyewe ziligawiwa wakati gani? Ijumaa iliyopita, kipindi cha dini, kila dhehebu chumbani kwake, eti kwa kuwa ndipo wanafunzi wote wanapatikana. Binti ametoka kuimba, Biblia iko mapajani, anapewa karatasi inayosema, "Tangu ufike hapa umeshiriki mara ngapi? Kama hujashiriki, eleza sababu." Ulitaka ajibu nini?

"Sababu niliandika kwamba barua yangu haijafika kutoka Tura," akasema. "Kwa hiyo nilitegemea kwamba..."

Sikumngoja amalize. "Usitoke humu," nikamwambia, nami nimeshafika mlangoni.

Adriano nilimkuta anakunywa chai. Akanikaribisha, nikamwambia chai yake ikae, anitolee fomu za wale Wamoraviani. Akanipa bahasha. Nikaanza kumsomea kwa sauti, mlango uko wazi, anayetaka kusikia asikie. Modest Ngollo, ambaye darasani kwangu sijawahi kuiona hata sura yake, kaandika "mara nyingi sana", kapewa alama ya vema. Binti mwingine kaandika "mara moja, Jumapili ya kwanza ya mwezi", naye kapewa vema. Recheli kaandika sifuri na sababu yake kwa mwandiko safi, kapigwa mkasi mwekundu.

"Jumapili, Adriano. Tunafundisha Jumapili hapa?"

"Niliangalia namba tu," akasema. "Fomu mia na arobaini, Mwalimu, na niko peke yangu."

"Sababu hukusoma."

"Sikusoma."

"Kwa hiyo unamfukuza mtoto wa watu kwa karatasi ambayo hukuisoma." Nikaendelea kutoka hapo, na mengine niliyomwambia sitayarudia, nimeshayapeleka kwa padri.

Alisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akafungua droo, akatoa ukurasa wa daftari, akausukuma upande wangu. Ilikuwa rasimu ya fomu, ile niliyompa achapishe baada ya kikao. Swali la tatu, lile la umeshiriki mara ngapi, neno kwa neno, lilikuwa kwa mwandiko wangu. Halafu akaigeuza ile bahasha. Nyuma yake imeandikwa, "Fomu 34, zimehakikiwa", na sahihi ni yangu, Bernadeta.

"Nyani haoni," akasema taratibu, methali akaiachia hapo.

Nikakaa. Ni kweli, zile fomu nilizikusanya mimi. Nilizihesabu, nikazitia kwenye bahasha, nikasaini, nikaenda kula. Hata moja sikuisoma. Niliona aibu, lakini hasira haikuondoka, iligawanyika tu, nusu yake na nusu yangu.

"Swali baya ni langu," nikamwambia. "Kufukuza ni kwako. Futa la kwako, na mimi nikafute la kwangu."

Hakubisha. Tulitoka wote wawili, akaibandua ile karatasi ubaoni, akasema hakuna atakayeondoka kabla ya kuitwa na kusikilizwa. Akanipa na fomu mpya, Recheli ajaze upya.

Recheli aliisoma, akafika swali la tatu, akaishika kalamu bila kuandika.

"Mwalimu, nikisema nimeshiriki nitakuwa nimedanganya."

Nikamchukulia kalamu. Nikalikata lile neno, juu yake nikaandika "umehudhuria darasani". Akajaza siku zote, hakukosa hata moja. Nikamwambia afungue godoro lake.

"Asubuhi kuna kitu ulitaka kuniambia nikakukatiza," nikasema.

Akaigeuza fomu, akaniwekea kidole kwenye mstari wa mwisho, ule wa herufi ndogo. Nao niliutunga mimi: "Ambaye hajashiriki ataitwa na mkufunzi wake ili asaidiwe."

"Nilitegemea utaniita kuhusu barua," akasema. "Nimesubiri wiki nzima. Kila ukimaliza kipindi nilikuwa nabaki nyuma nafuta ubao, nikidhani labda leo utaniita."

Niliukumbuka huo ubao. Kila siku nilimwambia asante, nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Nikakaa kwenye chaga za kitanda chake, nikatoa simu, nikamwambia anitajie namba ya mchungaji wa Tura.