Soksi Namba 63

Mimi, Kambere Luc, mwanafunzi wa bweni niliye likizoni kwa ajili ya Noeli, msomaji wa Misa ya pili na mwenye mwandiko unaosifiwa, nilipanda juu ya ndoo iliyogeuzwa nikawatangazia wakazi wa parsele yetu, kiwanja cha nyumba za kupanga mtaani Katindo, kwamba, baada ya uchunguzi wa kina, bomba la choo limeziba. Hakuna aliyeshtuka. Maji machafu yalikuwa yameshawafika kwenye vidole vya miguu.

"Shuka, Profesa," mama yangu alisema. "Hiyo ndoo inatakiwa."

Kwetu familia nne zinatumia choo kimoja, na kila moja ina juma lake la kukisafisha. Kikiziba katika juma lako, ni shauri lako. Hakuna wa kusema tuchimbe kingine, maana chini ya Goma ni mawe ya volkano, na shimo moja linakula nyundo na miezi. Ndiyo sababu Papa Damien, mwenye nyumba, alikuwa ametuonya tangu Pasaka: familia itakayoziba choo tena itafute pa kwenda.

Juma hilo lilikuwa la Mama Nshobole, mjane mwenye watoto watatu na chumba kimoja.

Alipigana na lile bomba siku mbili. Vantuzi yake ya kuzibulia alikuwa ameitengeneza mwenyewe: nusu ya mpira wa miguu uliochakaa, imepigiliwa misumari kwenye mpini wa fagio. Aliisukuma na kuivuta asubuhi na jioni. Akamwaga maji ya moto yenye majivu. Akafungua waya wa kuanikia nguo, akakunja ncha yake kama ndoano, akauingiza bombani. Ukagusa kitu laini, ukagoma. Mimi nilimshikia ndoo na kutoa maelezo ya kitaalamu.

"Wewe musomi," aliniambia bila kuinua kichwa, "huko bwenini hawakukufundisha kunyamaza?"

"Ni somo la mwaka wa sita, Mama. Sijafika."

Alicheka kidogo.

Jumamosi, kama kila Jumamosi, Papa Damien alifika kukagua, na viatu vyake vyeupe, akabaki langoni.

"Mama Nshobole, nilisema nini siku ya Pasaka?"

"Papa, mimi sikutupa kitu humu. Watoto wangu pia hapana."

"Juma ni la nani?"

"Ni langu."

"Basi."

Majirani walirudi kwenye milango yao. Kila mmoja alikuwa na juma lake linalokuja. Mama yangu alitazama chini. Mimi nilitazama viatu vyeupe, vikavu kabisa.

Mchana ule godoro, sufuria na mtoto mdogo vilipakiwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, kwenda kwa dada yake Mama Nshobole, mtaa wa Lac Vert. Vantuzi aliiegemeza kwenye mlango wa choo.

"Mutaihitaji," alisema.

Jumatatu Papa Damien alimleta fundi, Munguakonkwa, mwenye waya mrefu wa chuma uliosokotwa. Aliuzungusha bombani polepole, ukanasa, akavuta. Kwa desturi ya parsele yetu, kinachotoka bombani huoshwa na kuwekwa juu ya jiwe katikati ya uwanja, ili mwenyewe ajulikane. Ilitoka soksi ya kijivu, imejazwa mchanga na kufungwa fundo. Munguakonkwa akaimwagia maji. Ukaonekana uzi mwekundu: 63.

Bweni linataka kila nguo ishonwe namba ya mwenyewe. Mama alizishona zangu zote mwezi Agosti, akijichoma vidole. Aliinama juu ya jiwe, akausoma uzi wake.

"Chumba kimeshapata mutu," Papa Damien alisema haraka, kabla hajaulizwa. "Anaingia leo."

Mama aliinuka. Alichukua ile vantuzi ya nusu mpira, akaniwekea mikononi.

"Sema, Luc. Ukimaliza hapa, utaenda na miguu kuyasema Lac Vert."

Safari hii sikupanda juu ya ndoo. Nilisema kwamba niliisukuma ile soksi kwa fimbo siku ya Jumatano. Kwamba nilipiga hesabu maji yafurike Jumamosi, Papa Damien akiwa chooni, viatu vile viogelee. Kwamba yalifurika Alhamisi, nami nikamshikia Mama Nshobole ndoo siku mbili nikijua. Na kwamba Jumamosi, pale langoni, neno langu moja lingetosha. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza.