Gauni Lililoshonwa Mgongo

Kusema uongo ni rahisi. Kazi ni kuuvaa. Bibi harusi aliusema wake sebuleni kwa wakwe, mawifi wamemzunguka, kila mmoja akitaka kujua nani atamvisha siku ya harusi. "Tuje sisi?" wakamuuliza. Akajibu haraka, "Aa, msijisumbue. Watakuja watu wangu."

Watu gani? Mama yake alikuwa kaburini, baba hakumjua, naye alikuwa mtoto pekee wa mtoto pekee. Mchumba wake, dereva wa lori, alikuwa njiani wiki nzima. Tangu mazishi, waliobisha hodi kwake ni msoma mita na waliokosea nyumba. Lakini mbele ya ukoo ule mkubwa, wenye shangazi mpaka wa akiba, aliona aibu kuonekana ameota peke yake kama uyoga.

Gauni alikuwa nalo. Lilikuwa la mama yake, jeupe lililoanza kupoteza weupe, lenye vifungo vidogo vilivyopangana mgongoni kutoka shingoni hadi kiunoni. Lilimpwaya. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi cherehani, mwanamke wa makamo mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, na kila bibi harusi alipopita, fundi alimdai gauni hilo.

"Bibi harusi, unaleta lini nikupunguzie?"

"Nitashona mwenyewe."

"Haya. Kinyozi hajinyoi."

"Mimi si kinyozi."

"Ndiyo maana naogopa zaidi."

Alicheka, akapita. Angemwambiaje kwamba kupunguza kiuno ilikuwa shida ndogo? Shida ilikuwa vifungo. Alikuwa amejaribu mbele ya kioo, mikono ameipindia nyuma mpaka mabega yakalia, akafanikiwa kufunga cha juu kabisa na cha chini kabisa. Vya katikati havikufikika. Gauni lile lilishonwa kwa ajili ya mtu mwenye mtu nyuma yake.

Basi akafanya jambo ambalo hakuna fundi angelikubali. Alivikata vifungo vyote, akavitia kwenye kikombe, akaushona mgongo kwa mkono, mishono midogo ya kubana. Kisha akabana kiuno, akafumua ubavu na kutia zipu, kwa kuwa zipu mtu huipandisha mwenyewe. Vidole vilijaa matundu, kitanda kikajaa nyuzi, lakini alijiona mjanja. Hatamhitaji mtu.

Jumamosi mchana akalijaribu. Zipu ilipanda mpaka usawa wa mbavu, ikang'ata bitana, ikagoma. Kupanda haitaki, kushuka haitaki. Alivuta, akabembeleza, akapaka sabuni, wapi! Alijaribu kulivulia kichwani, lakini kiuno alichokibana mwenyewe kikamkaba chini ya makwapa. Akabaki gizani ndani ya kitambaa cha mama yake, mikono juu, akihema.

"Jamani!" akaita.

Nyumba ilikuwa kimya. Hapo akalia, maana aliona wazi kwamba angeweza kukaa vile mpaka jioni, na kesho yake pia, na asitokee wa kuuliza yuko wapi.

Alipochoka kulia alilishusha gauni likarudi mwilini, akajifunika shuka la kitandani, akavuka barabara huku watu wakimkodolea macho.

Fundi alimtazama juu mpaka chini, akafunga mlango wa duka. Akamgeuza na kumpapasa mgongo.

"Nani kaushona huu?"

"Mimi."

"Gauni la vifungo! Kwa nini, mwanangu?"

Angeweza kutunga uongo mwingine, lakini alikuwa amechoka. "Sina mtu wa kunifunga," akasema. "Na mawifi nimewaambia watu wangu watakuja."

Fundi alimsogeza kwenye mwanga. Alichukua wembe, akaanza kufumua mshono mmoja mmoja, taratibu, asije akajeruhi kitambaa wala ngozi. Vidole vyake vilikuwa vya moto. Tangu mama yake afe, hakuna mwanamke aliyemgusa mgongo.

"Vifungo umevitupa?"

"Viko kwenye kikombe."

"Ukishatoka humu ukavilete. Kiuno nitakitengeneza, ingawa umekionea. Na siku hiyo nitakuja asubuhi na mapema. Hao mawifi wakiuliza mimi ni nani kwako, niseme nani?"

Alifikiri. "Sema dada."

"Dada! Na mvi zote hizi? Watatucheka. Nitasema mama mdogo."

Wembe uliendelea kushuka, nyuzi zikidondoka sakafuni. Hewa ikaanza kupenya mgongoni.

"Mama mdogo," akasema kwa sauti ya chini.

"Nini? Nimekuchoma?"

"Hapana. Nilikuwa najaribu tu kulisema."

Fundi alijipangusa pua kwa kiwiko.

"Basi simama wima," akasema. "Sijamaliza."