Pinde Tatu, Kiganja Kimoja

Mpini wa ndoo uliniponyoka gizani ukalia kling! Nikauma midomo.

"Mama Chiriku," mume wangu akaita chumbani kwa sauti ya usingizi, "ni mwizi au ni wewe?"

"Ni mimi. Lala."

"Na hiyo ndoo?"

Ningemjibu nini? Kwamba alfajiri yote nimeshika ndoo, pasi, kikaango, halafu ndoo tena, nikikiuliza kiganja changu kinapenda mpini wa namna gani?

Siku hiyo nilitakiwa kuchagua upinde. Timu ya klabu yetu ya kulenga shabaha ilibakiwa na nafasi moja, na kocha alishasema: asiyeujua upinde wake hadi jioni, nafasi anapewa mwingine. Tangu nijifungue sijawahi kutaka kitu changu mwenyewe kama nilivyoitaka nafasi ile.

Zilikuwa pinde tatu za chapa tatu, zile zenye vigurudumu kwenye ncha, ambazo ukizivuta hadi mwisho uzito hupungua ghafla, kama vile mtu amekupokea mzigo. Wa kwanza mrefu, mshiko wa mbao, mnene. Wa pili mfupi, mshiko wa mpira. Wa tatu chuma kitupu, mwembamba, wa baridi. Kila kampuni iliapa kwamba mshiko wake ndio unaotulia mkononi kuliko yote. Sasa mimi nimwamini nani? Wa mbao niliupenda hadi niliposhika wa mpira; wa mpira hadi niliposhika wa chuma. Na zote tatu zilipeleka mishale yangu kushoto.

"Wifi, unachagua upinde au mume?" dada wa mume wangu alinitania tulipofika uwanjani alasiri. Yeye yumo kwenye timu siku nyingi.

"Mume nilichagua haraka zaidi."

"Ndiyo maana ukaishia kwa kaka yangu!"

Chiriku wangu, mwenye miaka minne, alicheka bila kujua anacheka nini. Nikamketisha kwenye benchi, nikainua upinde wa mbao.

Vidole vikagoma. Ndoo na pasi zilikuwa zimevichosha, havikunji. Upinde ukaegemea tu pale chini ya kidole gumba, kitanzi cha mkononi kikiuzuia usianguke. Nikafyatua hivyo hivyo.

Katikati.

"Umebahatisha," wifi akasema.

Nikachukua wa mpira. Katikati. Wa chuma nao, katikati.

"Afadhali umeacha kuukaba," kocha akasema. "Si niliwaambia tangu mwanzo? Upinde hausongwi, unaegemewa."

Kweli alituambia. Nilidhani anawasema wale wenye misuli.

Basi ningefurahi, lakini kichwa ndiyo kwanza kikavurugika. Mwanzo hakuna ulionifaa. Sasa zote zinanifaa! Nikazishika tena, mmoja baada ya mwingine, nikazirudisha mezani.

"Haya mama, upi?" kocha akauliza, kalamu mkononi. "Jua linazama."

Nikamtazama wifi. Akapandisha mabega, akaenda kung'oa mishale shabahani.

Chiriku akateremka kwenye benchi. Akaubeba wa mbao kwa mikono miwili, akahema, akauacha. Akaujaribu wa mpira, akaguna. Kisha akauinua wa chuma mpaka kifuani, akatabasamu.

"Mama, chukua huu mwepesi, nitakusaidia kubeba."