Alama Nyeupe kwenye Pijo ya Nyakundi

Kwa miaka thelathini na mbili Bosire wa Keumbu aliweka taimingi ya injini kwa sikio, na sikio hilo ndilo lililomjengea nyumba na kumsomeshea watoto. Taa ya taimingi, ile inayomulika injini kuonyesha moto unaruka wakati gani, hakuwa nayo wala hakuitaka. Taa, alikuwa akisema, ni ya fundi kipofu. Maneno makubwa hayo, na maneno makubwa yana tabia ya kumrudia mwenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Analegeza distribyuta, kile kichwa chenye nyaya kinachogawa moto kwa plagi, anaizungusha kiduchu, kisha anapanda na mwenye gari hadi ule mlima wa kutoka mtoni. Gia ya juu, mafuta mpaka chini. Moto ukiwahi mno, injini inatoa mlio mwembamba kama punje za mahindi zinazotikiswa kwenye kopo. Ukichelewa, gari linapanda kwa kunung'unika na maji yanachemka. Basi fundi anauwahisha moto mpaka punje zisikike, halafu anaurudisha nyuma upana wa ukucha tu, mpaka zinyamaze. Hapo mnarudi kunywa chai.

Tatizo ni kwamba kwa Bosire punje zilikuwa zimenyamaza kwa miaka minne. Sauti nyembamba zote zilikuwa zimemtoka, na alijua, wala mtu asikudanganye kwamba hakujua. Simu ikilia mezani, Kemuma mkewe ndiye aliyeinuka. Kemuma akipaza sauti ili asikike, aliambiwa uzee umemfanya mgomvi. Kanisani siku ya Sabato mzee alihama kutoka benchi la nyuma hadi la kwanza, na waumini wakamsifu kwamba amepata moto mpya wa Roho. Kumbe maskini anafuata midomo ya mhubiri. Ngurumo ya injini aliisikia bado, na hiyo ndiyo iliyomdanganya. Tena angesema nini? Nani angempelekea gari fundi wa sikio asiye na sikio?

Jumanne moja asubuhi Tryphosa akaja na Pijo. Alikuwa mjane wa Nyakundi, na Nyakundi alikuwa rafiki wa Bosire kuliko ndugu wa tumbo moja. Pikapu hiyo, 504 kuukuu kuliko madereva wengi wa barabara ile, ilibeba ndizi kutoka Nyacheki hadi soko la Daraja Mbili enzi zote za Nyakundi. Alipozikwa mwaka jana, mashemeji walikaa wakingoja mama auze gari. Mama akajifunza kuendesha. Tena akapata kazi ya kupeleka ndizi kila Alhamisi kwenye shule moja ya wasichana, na mwalimu wa jikoni akamwonya mapema kwamba Alhamisi moja tu akikosa, atatafutwa mtu mwingine. Sasa gari linakohoa, alieleza, halina nguvu, na kabla ya kufika Keumbu limeshachemka.

Bosire alifurahi, nakwambia. Alikuwa amekaa wiki nzima bila kazi ya maana. Akafungua boneti, akatoa plagi, akazikuta nyeusi. Akapitia nyaya moja moja. Akakagua kofia ya distribyuta asione ufa. Ndani akakuta platini zimelika, yale meno mawili yanayofunga na kufungua ili moto uruke, na mwanya wake umebana wembamba wa karatasi. Ugonjwa wote ulikuwa hapo, kwa sababu platini zikibana moto unachelewa. Akazisugua, akapima mwanya kwa geji, akafunga. Injini ikashika mara ya kwanza na kutulia.

Angeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia.

Lakini alipoinama kufuta grisi aliona mstari mwembamba wa rangi nyeupe, umeanzia kwenye shina la distribyuta ukashuka hadi kwenye injini, umenyooka kabisa. Mkono wake haukuuchora. Roho ikamuuma. Yaani Nyakundi, aliyekula naye sahani moja, alikuwa akimwendea fundi mwingine kisirisiri? Akachukua bisibisi akaukwangua mpaka chuma kikang'aa, huku Tryphosa amesimama pale akitazama bila kujua ni nini kinachokwanguliwa. Kisha akalegeza nati, akazungusha distribyuta, akamwambia mama ashike usukani waende mlimani.

Walipanda mara ya kwanza, punje hazikusikika. Akauwahisha moto. Mara ya pili hazikusikika, akauwahisha tena. Mara ya tatu aliona midomo ya Tryphosa ikicheza.

"Shemeji, hiyo sauti ni ya nini?"

"Sauti gani?"

"Kama punje. Kama punje kwenye kopo."

Maneno hayo aliyajua, kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha Nyakundi mlimani hapohapo. Mdomo ulitaka kusema kweli, na kiburi kikauwahi. Akajibu kwamba ni mnyororo wa ubao wa nyuma unaogonga bodi, gari tupu ndivyo lilivyo. Tryphosa akarudisha macho barabarani. Mumewe alikuwa amemwambia mara ngapi kwamba sikio la Bosire halikosei, na yeye ni nani, mwenye leseni ya miezi minane, abishane na fundi? Wakarudi. Bosire akakaza nati. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hiki kilikuwa njiani.

Alhamisi Pijo ilipakia ndizi Nyacheki ikaanza safari. Kwenye kilima cha tatu ilitoa moshi wa samawati, ikaishiwa nguvu, ikasimama. Tryphosa alishusha mikungu yote kando ya barabara, akapungia mkono kila gari lililopita, na lililokubali kubeba lilipatikana saa saba, wakati wasichana wa watu walikuwa wameshalishwa kabeji. Pikapu ikavutwa kwa kamba hadi Keumbu.

Bosire akafungua kichwa cha injini. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu katikati, na kingo za tundu zimeyeyuka kama nta ya mshumaa. Fundi haelezwi kitu kama hicho. Moto uliowahi mno ndio unaotoboa hivyo, na moto huo aliuweka yeye.

Akamwambia Tryphosa ni petroli mbovu. Imechanganywa na mafuta ya taa, akasema, siku hizi wauzaji hawana utu. Aliyasema bila kumtazama. Tryphosa akaitikia kwa kichwa, akasema afadhali ni petroli, kwa sababu marehemu aliapa kwamba sikio la shemeji halijawahi kuharibu gari lake. Usiku huo Bosire hakugusa chakula, na Kemuma alipomuuliza kulikoni alijifanya hajasikia. Mara hiyo moja alikuwa amesikia.

Ijumaa alikwenda kutafuta pistoni kwa Jasper, fundi wa makamo mwenye karakana karibu na Daraja Mbili, ambaye hununua Pijo zilizokufa akauza viungo vyake. Juu ya meza ya Jasper aliona taa ya taimingi. Kando yake, kikopo cha rangi nyeupe na kiburashi kimesimama ndani. Bosire alikitazama kikopo hicho kwa muda mrefu.

Jasper akamuuliza pistoni ni ya gari gani. Alipoambiwa ni ya Nyakundi, aliweka spana chini na kumsogelea, uso kwa uso, akasema polepole. Bosire akatambua kwamba huyu naye anajua.

"Mzee, aliniapisha nisikuambie. Lakini sasa yeye hayuko. Kila akitoka kwako alipitia hapa siku hiyohiyo, mimi naurudisha moto nyuma. Ile alama niliiweka nisipoteze mahali pake. Nikamuuliza, sasa si ulete gari kwangu moja kwa moja? Akakataa. Akasema hiyo gari ni ya Bosire, na mtu hanyang'anywi jina lake angali hai."

Bosire aliketi kwenye tairi lililokuwa karibu. Akamwona Nyakundi kwenye usukani, mlimani, injini ikimwaga punje masikioni mwake, anageuka anatabasamu na kusema, iko sawa, fundi. Miaka mitatu! Aibu ilimchoma, halafu hasira, halafu ukiwa wa kumkosa rafiki yake. Kitu cha mwisho ambacho mtu yule alikuwa amemwachia kumlinda, yeye alikuwa amekikwangua kwa bisibisi.

Jasper akamfungia pistoni kwenye gazeti. Bosire hakurudi Keumbu. Alikwenda moja kwa moja Nyacheki, akamkuta Tryphosa kwenye migomba, akikata majani makavu kwa panga.

"Shemeji, nilikudanganya," akasema. "Petroli haikuwa na kosa. Ni mimi nilitoboa injini. Sisikii. Nyakundi alijua, akanifichia siri."

Panga lilisimama, kisha likaendelea. Tryphosa alikuwa amempa mgongo. Bosire aliona mabega yakipanda na kushuka, akajua anasema, na alikuwa akisema maneno mengi. Kwa miaka minne, mtu akisema asichokisikia, Bosire alitikisa kichwa na kutabasamu. Kichwa kilitaka kutikisika hata sasa.

"Geuka nione mdomo wako," akasema. "Sijasikia hata neno moja."

Tryphosa akageuka. Yale mengi hakuyarudia. Alirudia moja tu, akilitamka kwa utaratibu ili lifike.

"Shule imepata mtu mwingine."